Kilichobaki Kufika Mdomoni

Plovdiv, Jumatano, 8 Septemba 2004

Mama Stamena,

Kwanza pokea buti za Bilyana. Penko wa basi amekula kiapo kwamba hatazikalia njiani. Ni kubwa kidogo, mvishe soksi mbili, mguu wake utazifikia kabla ya theluji.

Mimi bado nimelala. Daktari amesema nisishuke kitandani ila kwenda msalani, mpaka huyu wa pili akubali kukaa tumboni. Nikisikia kitu kinavuta kidogo, nabana pumzi na kusubiri kama kitavuta tena. Yule tuliyempoteza, wewe ndiye uliyefua yale mashuka, kwa hiyo sina haja ya kukueleza woga ninaolala nao. Mwanao Ognyan anapiga simu kila Jumapili kutoka Hispania, yuko kwenye lori lake, ananiambia nisiogope. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa umeshika usukani.

Kwa hiyo nakushukuru tena kwa kukaa na Bilyana. Kama simu ya huko isingeibwa nyaya, ningekuwa nakusumbua kila siku. Hao wezi wa shaba Mungu anawaona.

Sasa sikiliza. Kampuni inaniruhusu kufanyia kazi kitandani, kompyuta juu ya mto, na kazi waliyonipa ni bwawa lenu! Tangu mzee Dobri avunjike nyonga hakuna mtu kwenye kile kibanda juu ya ukuta. Ndani yake kuna kompyuta yenye programu mbili za kizamani, zile zisizo na picha wala vitufe. Unaziandikia amri, nazo zinakujibu kwa maandishi. Ya kwanza inaitwa Ndoo. Ndoo anasoma kipimo cha maji kila saa na kuandika mstari mmoja. Ya pili inaitwa Kengele. Kengele anapewa namba, na namba ikizidi kiwango anawasha king'ora chenu pale juu ya ukumbi.

Shida ni kwamba anachotema Ndoo, Kengele hawezi kukimeza. Ndoo anaandika tarehe, saa, namba, chaji ya betri na joto la hewa. Kengele anataka namba tupu, ukimpa zaidi anagoma. Miaka yote mzee Dobri alikaa katikati yao kama mshenga, anasoma huku, anachapa kule. Nilimpigia hospitalini kumuuliza alikuwa anachapa nini. Akasema, "Namba, binti yangu! Namba ya maji! Unadhani nachapa nini, mapishi?" Halafu nesi akamnyang'anya simu.

Basi nimekata yote, nimebakiza namba, nikaunganisha. Kengele amemeza bila kukohoa. Tangu jana wanaongea wenyewe bila mtu katikati, na mkuu wangu Bogomil anatabasamu kwa sababu ameokoa mshahara mmoja. Hilo la mshahara usimwambie mzee Dobri.

Nyumba yako iko chini ya ukuta ule, Mama, na mtoto wangu yuko ndani yake. Nilipomaliza nililala usingizi wa kwanza mzuri mwezi huu.

Mbusu Bilyana kwenye masikio yote mawili.

Mkweo,
Zornitsa


Dolni Yaz, Jumamosi, 18 Septemba 2004

Zornitsa mkwe wangu,

Buti zimefika zikinuka jibini, sasa sijui Penko alizikalia au alizilia chakula. Mtoto anazivaa hata ndani ya nyumba.

Huyo Kengele wako ametuaibisha mbele ya Mungu. Siku ya Msalaba tuko kanisani wote, padri ameinua mkono atubariki, king'ora kikaanza. Wewe hujawahi kukisikia. Kinalia hadi meno yanauma. Padri mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza mlangoni. Tulipanda kilimani na nguo zetu za ibada, mimi nimembeba Bilyana mgongoni kama gunia, magoti yananililia. Tukafika juu, tukageuka kutazama bwawa. Tope! Mvua hatujaiona tangu Julai, mbuzi wa Gancho wanakula majani katikati ya ziwa. Gancho akapiga magoti, akapaza sauti, "Jamani, okoeni mbuzi wangu, wanazama!" Kijiji kizima kikaangua kicheko, wengine kwa hasira. Kimelia mchana kutwa, na kesho yake kutwa, na hakuna aliyejua kukizima, kwa sababu funguo za kibanda mmezichukua nyinyi watu wa kampuni. Siku ya tatu kikanyamaza.

Kila mtu sasa ananiuliza kama mkwe wangu amesomea kazi hiyo au alibahatisha. Nawajibu kwamba mkwe wangu ana akili kuliko wao na mbuzi wao.

Bilyana hakucheka. Aliingia chini ya kitanda changu na hakutoka hata kwa uji wa maziwa. Usiku alikuwa anashtuka na kulowesha godoro, mtoto mkubwa vile. Lakini hayo yamepita, sasa analala vizuri. Nimekuambia kwa sababu umeniomba nisifiche. Wewe lala chali, kula, usiwaze. Mwanamke mwenye mimba hatishwi.

Nakutumia mtungi wa pilipili zilizosagwa. Za mama yako wa Burgas huwa na maji mengi, husemi tu.

Mama yako,
Stamena


Plovdiv, Jumamosi, 25 Septemba 2004

Mama,

Nilisoma barua yako nikacheka mpaka nikaogopa kucheka, halafu nikaona aibu peke yangu chumbani.

Nimeangalia alichoandika Ndoo siku ile. Namba ilikuwa kubwa sana, kama vile bwawa limejaa hadi juu. Na wewe unaniambia mbuzi walikuwa wanakula majani humo ndani. Bogomil anasema kipimo kimekwama kwenye tope, ndiyo maana kinadanganya. Inaonekana kweli, kwa sababu tangu mvua zianze juzi namba inashuka taratibu na Kengele ametulia. Maji yanasafisha kipimo, ndivyo ninavyojiambia. Nilitaka atume mtu akaangalie. Amesema gari moja, dereva mmoja, na kitu ambacho kimeshajirekebisha.

Lakini sijatulia, Mama. Kuna kitu kinanikera hapa nami sijui ni kipi.

Pole kwa Bilyana. Mwambie mama yake ndiye aliyekosea, si king'ora, na kwamba hakitalia tena bila sababu.

Pilipili nimekula nusu mtungi kwa kijiko. Za Burgas ziko kabatini, sijazifungua, na hilo libaki kati yetu.

Zornitsa


Dolni Yaz, Jumamosi, 6 Novemba 2004

Mkwe wangu,

Nimekaa kimya kwa sababu ya kabichi. Sikukuu ya Mtakatifu Dimitar imepita na mimi nilikuwa na vichwa arobaini vya kutia chumvi, mikono imechanika. Bilyana amenisaidia kupanga. Nimemfundisha kama nilivyofundishwa: usijaze mpaka juu, acha kiganja kimoja cha nafasi, la sivyo kabichi ikianza kuchacha itakufukuza nyumbani. Anazunguka kijiji kizima sasa akipima mapipa ya watu kwa kiganja chake na kuwatangazia yamebakiza kiasi gani.

Mzee Dobri amerudi na magongo mawili na matusi mapya aliyojifunza hospitalini. Hawezi kupanda ukutani tena, basi anakaa barazani kwake na darubini ya jeshi, anasoma namba zilizochorwa kwenye ukuta, na kila asubuhi tukipita anatutangazia. Juma lililopita, mita nne. Leo, mita tatu na nusu. Watu wa mjini wakija, husikia namba hizo wakadhani ni kina cha maji, tunawacheka. Hapa kwetu nani anauliza maji yako kiasi gani? Pipa, kisima, mtungi wa mvinyo, bwawa, swali ni moja: limebakiza kiasi gani kufika mdomoni. Hata yule injinia aliyekijenga hicho kipimo alikuwa mtoto wa Gorni Yaz hapo juu, baba yake alikuwa fundi wa mapipa.

Mvua haijakatika. Pipa la kabichi nimelipandisha jikoni kwa sababu sakafu ya stoo ya chini inatoa jasho. Si kitu, ni nyumba ya mawe, ina tabia zake.

Bilyana anajua herufi zote isipokuwa chache. Anakula. Ananenepa. Anasema tumbo lako likizaa mvulana aitwe Penko, kwa sababu Penko anamwachia kupiga honi.

Lala chali.

Stamena


Plovdiv, Jumatano, 10 Novemba 2004

Mama,

Nina ombi, na naomba usinikasirikie. Mlete Bilyana Plovdiv kwa basi la Jumamosi hii. Nawe uje naye, ukae hapa hata mwezi mzima. Mama yangu amekuja kutoka Burgas kunihudumia, nafasi ipo, tutabanana.

Sababu nitakueleza mkifika. Barua si mahali pake.

Na nijibu jambo moja: king'ora kiko sawa? Kiko mahali pake juu ya ukumbi, hakuna aliyekigusa?

Barua yako ya kabichi nimeisoma mara nyingi. Pale ulipoandika habari za mapipa nimepigia mstari kwa kalamu.

Njooni Jumamosi. Nakuomba.

Zornitsa


Dolni Yaz, Jumanne, 23 Novemba 2004

Zornitsa,

Nimeacha mabasi yapite bila barua kwa makusudi, ili hasira ipoe. Haijapoa.

Basi mama yako amekuja. Nilijua atakuja. Majira ya joto yote mtoto anaharisha, anakohoa, ana ndoto mbaya, Bibi wa Burgas ana mgongo, Bibi wa Burgas ana shinikizo la damu. Sasa mtoto amenenepa na anasoma, mgongo umepona! Na wewe unaniandikia kama karani: mlete, sababu nitakueleza. Mimi si wa kuelezwa? Mimi niliyekufulia mashuka? Mtoto yuko shule, ana rafiki, ana kitanda chake. Umelala chali huwezi hata kujichotea maji, utamchukua umpe nani? Umpe yeye. Sema tu hivyo, nitakuheshimu zaidi.

Usiwaze habari za nyumba. Nyumba kavu. Umeniuliza king'ora. Kipo palepale juu ya paa, kizima kama fahali, hakuna aliyekigusa. Mzee Dobri anasema imebaki mita moja na kitu, na kwamba bwawa hili limewahi kubakiza hata nusu na halikumeza mtu. Mvua ni mvua tu.

Miwani yangu imevunjika jana, naandika kwa kukisia mistari. Nimemwachia Bilyana nafasi hapa chini akusalimie, na bahasha ataibandika mwenyewe.

Stamena

MAMA. MIMI NAJUA HERUFI ZOTE SASA. USIOGOPE KWA AJILI YANGU KWA SABABU KILE KINACHOLIA HAKILII TENA. BIBI ALIPANDA NGAZI AKAKATA WAYA KWA KOLEO YA BABU. MIMI NILISHIKA NGAZI. NI SIRI LAKINI WEWE NI MAMA. KULE CHINI KWENYE STOO KUNA MAJI NA CHURA. NAKUPENDA. BILYANA


Plovdiv, Jumatano, 24 Novemba 2004, mchana

Mama,

Penko amesimama mlangoni na funguo za basi mkononi, naandika haraka. Kwa kuwa huna miwani, Penko atakusomea. Penko, soma yote, usiruke neno hata kama anakupigia kelele.

Mama, tokeni. Usimalize kusikiliza barua hii kama mtoto hajavaa viatu.

Sikutaka kukunyang'anya Bilyana nimpe mama yangu. Nilikuficha sababu kwa kuwa niliona aibu, na kwa kuwa Bogomil alisema tusitie watu hofu kabla ya kurekebisha. Sababu ni hii. Nilikuambia kwamba nilichukua namba ya Ndoo nikampa Kengele. Sikujua namba ile inasema nini. Injinia wenu aliipima kama mnavyopima mapipa, kutoka mdomoni kushuka chini. Ndoo anasema imebaki kiasi gani. Kengele anadhani anaambiwa maji yamepanda kiasi gani. Mzee Dobri miaka yote alikuwa anaitoa namba hiyo kichwani kwenye kimo chote cha ukuta kabla ya kuchapa, na hakuniambia kwa sababu hakujua kuna mtu duniani anayehesabu vingine. Ndiyo maana kililia siku bwawa lilipokuwa tupu. Na ndiyo maana kadiri maji yalivyopanda, namba ilishuka, na Kengele akazidi kutulia. Mimi nilikuwa nimelala hapa nikifurahia namba inavyoshuka. Maji yangefika mdomoni, Ndoo angeandika sifuri, na Kengele angelala fofofo.

Nilielewa niliposoma habari za kabichi. Nimerekebisha usiku uleule. Sasa Ndoo anafanya hesabu hiyo kwanza, na anaandika "kimo cha maji" kabla ya namba, na Kengele nimemfundisha kukataa namba yoyote isiyo na jina. Nimewajaribu kwa kila njia. Wanaelewana kweli. Siku zote hizi nimekuwa nikijiambia: hata wasipokuja, king'ora kitawaamsha. Nilitulia, Mama. Nililala kwa kuamini hilo.

Na leo Bilyana ananiandikia kwamba umekata waya.

Sikulaumu, sina muda wa kulaumu. Maji yamebakiza kidogo kufika kwenye kiwango cha kulia. Kwa mvua hii Kengele ataanza kuita leo au kesho, na hakuna atakayesikia. Nimepiga simu wilayani, wamesema ving'ora vyote vya bonde ni vizima, karatasi zao zinasema hivyo, kesho watatuma mtu. Nimepiga kwa zimamoto, barabara ya kwenu imefungwa kuanzia darajani. Penko anakwenda kwa sababu mke wake yuko huko, ataacha basi darajani na kutembea. Mama yangu alitaka kwenda naye, lakini tangu asubuhi naona damu na hawezi kuniacha.

Unganisha waya. Halafu pandeni Gorni Yaz, wewe na Bilyana na kila atakayekusikiliza. Nilichofanya mimi kimefika mwisho wake, kutoka hapa siwezi kuongeza kitu. Kilichobaki kiko mikononi mwako, na mikono yako naijua.

Naogopa, Mama. Naogopa kiasi kwamba herufi hizi sizioni vizuri.

Zornitsa


Gorni Yaz, Ijumaa, 26 Novemba 2004

Zornitsa,

Bilyana mzima. Naanza na hilo usije ukasoma mengine roho ikiwa juu. Amelala hapa kando yangu kwenye sakafu ya shule, amenishika kidole na haachii hata usingizini. Miwani nimeazimwa na mke wa Penko.

Penko alifika kabla ya giza, amelowa hadi kifuani. Akanisomea jikoni nikiwa nimesimama. Alipofika penye waya aliacha kusoma akaniangalia. Nilichukua koleo ileile, yeye akachukua ngazi, na Bilyana tukamvalisha tukatoka naye.

Nitakuambia nilichokuwa nawaza nikiwa juu ya ngazi, kwa sababu lazima mtu akijue. Nilikuwa nawaza kwamba nitaunganisha, kitakaa kimya, nami nitakuandikia kwamba ulinitisha bure. Maneno yenyewe nilikuwa nimeshayapanga. Nikasugua ncha za waya, nikazishika, zikagusana. Kikalia. Palepale, Zornitsa, usoni mwangu, nusura nianguke. Hakuna aliyekiwasha. Kilikuwa kimeshawashwa. Huyo Kengele wako alikuwa anaita tangu sijui saa ngapi, labda tangu alasiri wakati mimi nakaanga vitunguu. Anaita kwa nguvu zake zote, wito unashuka ukutani, unavuka mto, unapanda juu ya paa la ukumbi, unafika kwenye waya wangu na kuishia hapo. Kimya kingi kina mshindo mkuu, tunasema. Mshindo nilikuwa nimeukata mimi, nikaufurahia ule ukimya tangu Septemba.

Na hawakutoka! King'ora kinapasua masikio na hakuna mtu njiani. Gancho alifungua dirisha akacheka, "Stamena, mwambie mkweo mbuzi wangu wamejifunza kuogelea!" Wengine walifunga mapazia. Basi nikapita nyumba hadi nyumba. Nilibisha, nikatukana, nikavunja kioo cha kwa Gancho kwa koleo, na mahali fulani katikati ya mtaa nikaanza kulia kwa sauti. Hapo ndipo walipotoka. Hawakutoka kwa ajili ya king'ora. Walitoka kwa sababu tangu kuzaliwa kwao hawajawahi kuniona nikilia, hata nilipomzika mume wangu.

Mzee Dobri tulimkuta kitandani, nyonga imevimba. Mimi na Penko tulimwinua, akapiga yowe, tukamweka chini. Akasema, "Pelekeni watoto na mke wangu kwanza, mrudi na punda wa Gancho." Akaniuliza imebaki kiasi gani. Nilimdanganya, nikamwambia mita moja. Akasema, "Basi muda upo, nendeni." Tukamwambia tunarudi.

Hatukurudi. Tulikuwa kwenye kona ya makaburi, punda ameshafunguliwa, wakati maji yalipopita juu ya mdomo, kisha upande wa kushoto wa ukuta ukaondoka. Sauti yake sitakuandikia. King'ora kiliendelea kulia kidogo juu ya maji, halafu kikazimika. Mtaa wa chini haupo. Kanisa limebaki kuta tu, hadi madirishani. Wanamtafuta bado mzee Dobri, na kila wakirudi bila kitu mke wa Penko anasema huenda alishika mti, na mimi naitikia ndiyo, labda alishika mti.

Wewe ulikosea kitu usichokijua, na ulipokijua ulikirekebisha usiku uleule. Mimi sikukosea. Mimi nilijua nilichokata. Mtoto alikuwa hapati usingizi kwa king'ora kile, na nilijua ukisikia hivyo utamchukua, na bila yeye nyumba ile ni mimi na saa ya ukutani. Hilo ndilo lote. Nilikuandikia kwamba king'ora ni kizima kama fahali, na Bilyana ameketi hapo ubavuni akisubiri zamu yake ya kalamu. Watu hapa wananibusu mikono, wananiita mwokozi wao. Penko anajua ukweli na hasemi neno. Nimemwambia nitasema mwenyewe Jumapili, kanisa likiwa halipo basi hapa shuleni, mbele ya wote, na mke wa mzee Dobri akiwepo.

Niandikie kuhusu damu. Neno moja tu, limekoma au halijakoma, Penko atatembea tena kuja kunipa. Usiku wote nimekuwa nikiongea na huyo aliye tumboni mwako nikimsihi akae, kwa sababu kama ameondoka, ameondoka kwa mkono wangu vilevile.

Na mwambie mama yako wa Burgas aje amchukue Bilyana barabara ikifunguka. Nguo zake hazipo, alizovaa ndizo hizo. Sitamzuia mlangoni. Mlango wenyewe haupo.

Stamena